Mke wa Kuazima

Tairi la nyuma nililitoboa mwenyewe kwa sindano ya kushonea magunia, mara tatu, kati ya Mpanda na Inyonga. Wenzangu walikuwa wanaimba. Tulikuwa tunatoka Karema, ziwani, kwaya nzima juu ya baiskeli, tumeimba kwenye kila kigango wakati wa kwenda na tukaimba tena wakati wa kurudi, na sasa kila mtu alikuwa ananusa jiko lake. Mtu akijua nyumbani kumekaribia, miguu yake hupata nguvu ambayo asubuhi hakuwa nayo. Yangu ilizidi kuisha. Mwisho wa safari ile ulikuwa mlango wa nyumba yangu, na ndani ya mlango alikuwemo mume wangu.

Niseme habari ya sikio kwanza, maana bila sikio hakuna kisa. Mume wangu alikuwa mtu wa kibao. Hakupiga ngumi, hakupiga teke, na fimbo aliishika kwa ajili ya mbwa tu, jambo ambalo majirani walilihesabu kuwa ni upole. Kiganja chake kilikuwa kipana, kimekomaa kwa kazi ya kuchonga mizinga ya nyuki, na kilikuwa na mahali pake pa kutua: sikio langu la kushoto. Mwaka wa pili wa ndoa yetu sikio lile lilitoa usaha, likauma mpaka nikawa nagonga kichwa ukutani, halafu likanyamaza. Halikusikia tena kitu chochote. Kwenye kwaya nikahamia mwisho wa mstari, upande wa kushoto, ili wenzangu wote wawe kulia kwangu. Hapo niliimba sauti ya kwanza kwa sikio moja, na nasema bila haya kwamba niliwashinda wenye mawili.

Kwaya yetu ilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Mwanamke aliyeolewa hakwenda safari kwa kuaga tu. Mwalimu wa kwaya alikwenda nyumbani kwake amevaa koti, akakaa kwenye kigoda, akamwambia mume, "Tunaomba utuazime mama." Neno lilikuwa hilohilo, kuazima, kama watu wanavyoazima sufuria za sherehe. Mume akikubali, mwalimu alikuwa amejifunga kumrudisha yule mke palepale alipomchukulia. Siku ya kurudi, kwaya yote, na vumbi lake na uchovu wake, ilipita nyumba kwa nyumba, ikaimba uani, mwalimu akamshika mke mkono na kusema, "Tumemrudisha kama tulivyompokea." Mume akajibu, "Nimempokea." Mpaka mume wa mwisho atamke neno hilo, hakuna aliyekwenda kwake hata kunawa uso. Safari ilihesabiwa kuwa haijaisha.

Kwangu mwalimu alikuja Jumapili baada ya ibada, akiwa na wazee wawili wa kanisa. Mbele ya macho yale mume wangu asingeweza kukataa. Alicheka, akasema, "Mchukueni, mwalimu, mradi mnirudishie akiwa na sauti yake." Wote wakacheka. Asubuhi ya kuondoka alinisaidia kufunga mzigo kwenye keria. Alivuta mpira mpaka ukalia, akaja upande wangu wa kulia kwa sababu alijua wa kushoto hausikii, akasema taratibu, "Nenda. Ukirudi nalitoa na hilo lililobaki, tuone utaimbia wapi."

Hilo ndilo nililolibeba kwenda Karema na kurudi. Hilo, pamoja na gunia la migebuka, samaki wa ziwani, mikavu niliyomnunulia, maana ndivyo tulivyo sisi wanawake, tunampelekea kitoweo mtu anayetusubiri atupige.

Kutoka Mpanda kwenda kwetu Inyonga ni pori. Miaka ile ya tisini tulikuwa bado mkoa wa Rukwa, na barabara ilikuwa mchanga, halafu mashimo, halafu mchanga tena. Tuliiingia asubuhi, wanaume mbele na nyuma, wanawake katikati, na hatujafika mbali tukakuta ng'ombe wameziba njia kutoka mti hadi mti. Walikuwa wa wafugaji wa Kisukuma waliohama na mifugo yao kutoka kaskazini. Mmoja wa wanaume wetu wa besi, mtu wa haraka kuliko akili zake, akapiga kengele ya baiskeli. Akaipiga tena. Ng'ombe wakashtuka, wakatawanyika msituni wakivunja vijiti, na mchungaji aliyekuwa nyuma yao akaja mbio na kumchapa fimbo ya mgongo iliyosikika kama ubao umekatika.

"Kengele unampigia nani? Unaona hapa kuna abiria?"

Yule wa besi akatupa baiskeli chini, akamrukia. Walishikana, wakaanguka, wakabingirika kwenye mavi ya ng'ombe. Mchungaji wa pili akatokea na fimbo yake. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa mtu mfupi na mwenye kujiamini kupita kimo chake, akaingia katikati akiinua mikono kama anaongoza wimbo, na fimbo ikampata chini ya jicho. Damu ilimchuruzika mpaka kwenye kola. Tulipiga kelele, tukavuta watu miguu, mtu mmoja aling'atwa begani. Halafu, kama ilivyo kawaida ya wanaume, walipomaliza kutoana damu wakaanza kuulizana habari za mvua. Yule mchungaji akamwomba mwalimu radhi, wakapeana mikono, na wanaume wetu wakasaidia kukusanya ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na baiskeli yangu. Nilikuwa nawaza: kumbe watu wanaweza kupigana na ikaisha. Nyumbani kwangu haijawahi kuisha. Ilikuwa inakatika tu, kama mvua, na mimi nikibaki nasikilizia.

Wakiwa bado wanafukuza ndama, niliichomoa sindano iliyokuwa kwenye mshono wa gunia la samaki, nikainama kama mtu anayerudisha mnyororo, nikaisukuma ubavuni mwa tairi mpaka nikasikia upepo unatoka. Sikuwa na mpango. Watu wameniuliza baadaye, ulitegemea nini? Sikutegemea kitu. Nilitaka tu nyumba yangu iwe mbali kidogo kuliko ilivyokuwa.

Mwalimu aliziba pancha ile akiwa na jicho moja, lile jingine limefumba. Hakuwa na maji ya kupoteza, hivyo alijaza mpira upepo na kuupitisha karibu na mdomo wake mpaka midomo ikahisi tundu lilipo. Alisugua, akapaka gundi, akabandika kiraka, akakaa juu yake kama kuku anayeatamia. Tulipoteza muda mrefu. Nilikunywa ule muda kama maji. Mchana nikatoboa tena.

Mbung'o walitukuta tukiwa tumesimama. Mbung'o wa pori lile hawaumi, wanachoma, na kitenge si kitu kwao. Akikuuma unampiga, unamwona ameanguka, anainuka na kurudi palepale kama umemkopesha damu na amesahau kiasi. Kila mtu alivunja tawi akawa anajichapa mgongo, shingo, mapaja, na kwa mbali tungeonekana kama watu wanaotubu. Jioni nyuso zilikuwa zimevimba na ulimi wa kila mtu umekuwa kisu. Wanaume wawili wa besi walipigana kwa ajili ya dumu la maji, mmoja akampiga mwenzake kikombe cha bati cha mdomo na jino likatoka. Binti mmoja wa sauti ya pili alilia kwa sababu mwenzake alimwambia anaimba kama mbuzi. Ndio kwaya hiyo. Tulilala kwenye kambi tupu ya warina asali, kila mtu amempa mwenzake mgongo.

Siku ya pili nilitoboa mara ya tatu.

Mwalimu alitoa tairi, akatoa mpira, akaupitisha mdomoni, akaacha. Akautazama kwa karibu kwa lile jicho zima.

"Hapa hakuna mwiba," akasema. "Tena tundu liko ubavuni. Mwiba gani unachoma ubavuni?"

Akakamua chupa ya gundi. Ilikuwa tupu. Akageuza kopo la viraka, vikadondoka vumbi na kipande kimoja kisichotosha hata kuziba tundu la pua. Tulikuwa katikati ya pori, na alfajiri ile tulikuwa tumeona nyayo za simba barabarani, juu ya alama za baiskeli iliyotutangulia.

Katika safari ile alikuwemo mama mmoja mjane, mkulima wa tumbaku, mnene, mwenye mikono ya kubeba magunia. Yeye hakuazimwa kwa mtu. Mume wake alikuwa kaburini na yeye alijiaga mwenyewe. Alikuwa ananitazama tangu asubuhi. Sasa alikuja mpaka nilipo, akaangalia gunia langu la samaki, akaona mshono umefumuka na uzi unaning'inia bila sindano. Akashika upindo wa kitenge changu, akaugeuza. Sindano ilikuwa imechomekwa pale, na ncha yake ina weusi wa mpira.

Hakuuliza. Alichomoa pampu kwenye baiskeli yangu akanipiga nayo mgongoni. Nilipopiga magoti akanipiga tena begani.

"Unatuua! Wewe mtoto, unatuua! Unataka tulale hapa tuliwe?"

Wengine walikuwa wamesogea, na kwa nyuso zile zilizovimba sikuona hata mmoja wa kunitetea. Yule wa besi aliyepoteza jino akasema, "Mwongeze." Mama akainua mkono mtupu sasa, mkono ule wa magunia, aje usoni. Nami nikaziba sikio langu la kulia kwa viganja vyote viwili. Uso niliuacha wazi. Kichwa, shingo, mdomo, vyote niliviacha. Niliinamisha kichwa upande na kulifunika lile sikio moja.

Mkono wake ukabaki juu.

"Mbona unaziba sikio moja?"

Nilikuwa nalia, tena si kilio cha adabu.

"Nimekuuliza. Mbona unaziba hilo tu?"

"Hili jingine limeshakufa," nikasema. "Hili amesema nikirudi analitoa."

Nilisema hivyo mbele ya wote, barabarani, makamasi yakinitoka. Nikawaeleza na maneno ya asubuhi ile ya kuondoka. Wanaume walitazama baiskeli zao. Wanawake walitazama chini, na nilijua kwa nini: hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Yule mjane akakaa chini pembeni yangu, akahema, akanifuta uso kwa nguvu kwa pindo la khanga yake kama anayefuta meza.

"Wangu alinipiga mpaka mwezi aliokufa," akasema. "Alikuwa hawezi kusimama, akawa ananiita nisogee." Halafu akasema, "Lakini sindano nipe." Akaitupa msituni kwa hasira, na nilisikia raha kwamba ana hasira, ingawa sikujua ni juu ya nani.

Nilimfuata mwalimu pale alipokuwa anavuta majani makavu. Njia ilikuwa moja tu iliyobaki: kujaza tairi majani badala ya upepo, kuyashindilia kwa kijiti mpaka yawe magumu, na kulifunga tairi kwa vipande vya mpira lisichomoke.

"Mwalimu, usinikabidhi," nikamwambia. "Nakuomba. Tukifika niache kwa huyu mama. Sema nimeugua. Sema lolote."

Aliendelea kushindilia majani. Jicho lake lilikuwa limekuwa jeusi kama zambarau.

"Nilikuomba kwa mumeo mbele ya wazee wa kanisa," akasema. "Nikikuficha, mimi ni mwizi wa mke wa mtu. Unaelewa hilo?"

"Naelewa. Na yeye akinitoa sikio, ni nani?"

"Nitazungumza naye."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia akutunze."

Nilicheka. Ni kicheko kibaya kuliko vyote nilivyowahi kucheka, mpaka yeye mwenyewe aliacha kijiti akanitazama. Alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lijulikane. Alitufundisha bila malipo, alituuguza, aliwahi kubeba mtu mwenye malaria kwenye keria yake siku nzima. Lakini wema wake ulikuwa unafika mlangoni kwa mtu na kuvua viatu.

Tairi la majani halina huruma. Kila jiwe lilipanda kupitia kwenye tandiko mpaka kwenye meno, na baiskeli ilikuwa nzito kana kwamba nimempakia mtu. Sikupata tena sababu ya kusimama. Yule mjane aliendesha nyuma yangu, na kila nilipolegea alisema, "Kanyaga." Nilikanyaga. Kufikia usiku wa pili nilikuwa nimeacha kuogopa na nimeanza kukasirika, na hasira ile ilinisaidia kwenye vilima kuliko uji.

Siku ya tatu tukaona moshi wa mabani, yale majengo ya udongo ya kukaushia tumbaku, na wenzangu wakaanza kupiga vigelegele. Watoto walikimbia pembeni. Mwalimu akatupanga, wanawake tukajifunga khanga za sare juu ya vumbi, tukaanza kurudishana.

Nyumba ya kwanza mume alitoka anacheka, akampokea mkewe na mzigo wake, akatupa maji. Ya pili ilikuwa hivyohivyo, na kulikuwa na mtoto aliyemkimbilia mama yake akaanguka njiani. Ya tatu mume alikuwa amelewa lakini kwa furaha. "Nimempokea, nimempokea," alisema mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Niliimba kwenye kila ua. Niliimba kwa sauti yote niliyokuwa nayo, sikio limeelekea kwa wenzangu, nikisikia sauti ya pili inavyopita chini ya yetu, na besi inavyotandaza kila kitu. Nilijiambia, sikiliza. Sikiliza vizuri.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho, ng'ambo ya mabani. Alikuwa amesimama mlangoni, ameoga, amevaa shati jeupe. Tulipoimba aliimba nasi. Mwalimu akanishika mkono, na kiganja chake kilikuwa na jasho.

"Tumemrudisha kama tulivyompokea," akasema. Akakohoa. "Na tunaomba umtunze, ndugu yangu."

"Nitamtunza," mume wangu akasema. "Nimempokea."

Akampa mwalimu pole ya jicho. Akawauliza habari za njia. Akachukua gunia la samaki, akanusa, akasema wananukia vizuri. Kwaya ikaimba ubeti wa kuaga na kuanza kutawanyika, watu wanacheka sasa, safari imeisha. Yule mjane alibaki nyuma anachezea mnyororo wake. Hata yeye, mwisho, alipanda na kuondoka.

Mume wangu alibonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba.

"Hii nini?"

"Majani. Mpira ulitoboka."

Akacheka kweli, na kwa muda mfupi niliamini kwamba siku zile zote zimemlainisha, kwamba pengine amekula peke yake na kulala peke yake na kuona. Aliingia ndani, akatoka na shoka lake la mizinga. Aliilaza baiskeli kama mtu anayelaza mbuzi, akakata gurudumu la nyuma. Spoku zilikatika moja moja zikilia. Majani yakamwagika. Akageukia la mbele. Hakuwa na papara, na hakuniangalia, na ile baiskeli nilikuwa nimeipata kwa misimu miwili ya kuchuma tumbaku ya watu.

Pampu nilikuwa nimeichomoa alipokuwa ndani. Sikumbuki kuamua. Alipomaliza akaegemeza shoka ukutani, kwa uangalifu, akafuta mikono kwenye suruali na kuja. Alizunguka upande wangu wa kulia. Akainua kile kiganja.

Nilimpiga kwenye kiwiko. Pampu za miaka ile zilikuwa za chuma. Sauti yake niliisikia vizuri sana, kavu, kama kijiti cha kuwashia moto, na mkono wake ukashuka ukiwa umekunjika mahali pasipokunjika. Alifungua mdomo kabla sauti haijatoka. Nilimpiga tena begani. Nilimpiga mgongoni alipogeuka, na alipoanguka nilimpiga mapajani, na nilikuwa napiga kelele neno moja tu, "Sikio! Sikio! Sikio!" kama mwendawazimu. Sikusimama kwa sababu ya huruma. Nilisimama kwa sababu pampu ilipinda.

Kelele zake ziliwarudisha. Hawakuwa wamefika mbali. Waliingia uani na baiskeli zao, mwalimu mbele, na walichokiona ni mimi nimesimama na chuma mkononi na mume wangu chini, shati jeupe limejaa udongo, analia kwa kumwita mama yake. Spoku zilizokatika hakuna aliyeziangalia. Yule mjane peke yake alisema, kwa sauti ya kawaida, "Afadhali."

Fundi wa mifupa alimfunga mkono kwa vipande vya miti, ukapona ukiwa umepinda, na mume wangu hakunyanyua mkono juu yangu tena, ule mbovu wala ule mzima. Niliishi naye. Watu hushangaa nikisema hivyo, kana kwamba kulikuwa na mahali pengine pa kwenda. Wazazi wangu, huko Kabungu, walituma ujumbe kwamba nisije kuwaletea aibu. Nikapika, nikalima, yeye akawa mtu wa kusema "tafadhali," na siku nyingine nikimwona anashindwa kuinua mzinga nilimsaidia bila kinyongo na siku nyingine nilimwacha ahangaike.

Wazee wa kanisa walinitoa kwenye kwaya. Hilo nililitarajia. Nilidhani ni kwa muda, mpaka maneno yapoe.

Lakini msimu uliofuata kulikuwa na mwaliko wa kwenda Mishamo, na mwalimu akavaa koti lake akaanza kupita kuwaazima wake za watu. Nyumba ya kwanza mume akamjibu, "Nikuazime mke, unirudishie wa kunivunja mkono?" Ya pili wakamjibu hivyohivyo. Hata yule mlevi wa furaha alikataa. Akazunguka jioni tatu, akarudi na watu wa besi na mabinti wasioolewa, na mabinti nao, kila mmoja alipoolewa, aliondoka na sauti yake. Safari za baiskeli zikaisha. Baadaye wanaume wakakataza hata mazoezi.

Wale wanawake hawakuwalaumu waume zao. Walinilaumu mimi. Kisimani walinyamaza nikifika. Mmoja, ambaye nilisimama pembeni yake kwenye mstari miaka yote, tena ambaye naye najua alivyokuwa akifunika uso kwa khanga siku za Jumatatu, alinitemea mate miguuni na kusema, "Umetufungia mlango." Sikumjibu. Nilikuwa na jibu, na bado ninalo, na bado linanichoma: kwamba si mimi niliyekuwa na ufunguo. Lakini alikuwa anaipenda safari ile kama nilivyoipenda, zile siku chache za kukojoa porini na kucheka na kuwa mtu asiye wa mtu, na sasa hakuwa nayo, na mimi nilikuwa karibu.

Mwalimu aliendelea na waliobaki. Jumamosi jioni, wakianza mazoezi kanisani, nilikuwa nakaa uani nachambua mboga. Upepo ukivuma kutoka kule nilisikia kila kitu, besi, kijiti chake kikigonga meza, yule mjane akiwa peke yake kwenye sauti ya pili. Sikio langu la kulia lilikuwa zima kabisa. Wakifika mahali pa sauti ya kwanza, iliyokuwa haina mtu tena, mwalimu alihesabu kwa kijiti tu mpaka mahali pale papite, halafu wakaendelea.